Kikao cha Ukoo, Miji Mitano, na Faini Zisizolipika

SWALI

Mimi ni katibu wa kikundi cha ukoo wetu, naishi Ujiji, Kigoma, na mama. Wenzetu wametawanyika: shangazi yuko Bujumbura, dada Muscat, kaka Leicester kule Uingereza, na kitinda mimba wetu yuko Chicago, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Kila Jumapili ya pili ya mwezi tuna kikao cha simu saa 3 usiku. Tunajadili michango, ada za watoto na shamba la michikichi alilotuachia baba. Shangazi huingia kikao kikikaribia kwisha, na ni kila mwezi. Mwezi wa tatu mdogo wetu hakuonekana. Akasema aliingia akakuta hakuna mtu. Mwezi wa nne kaka naye akaleta maneno hayo hayo. Dada wa Muscat huingia kwa wakati, lakini baada ya nusu saa tunasikia anakoroma. Katiba yetu inatoza faini ya shilingi 5,000 kwa kuchelewa na 10,000 kwa kukosa, na watu wameanza kugoma kulipa. Nani anasema kweli? Na tupange saa gani?

JIBU

Ndugu katibu, nimelisoma swali lako nikimtafuta mwongo, sikumpata. Shangazi anafika kwa wakati. Mdogo wenu aliingia kweli, na kaka yenu vilevile. Tatizo limo ndani ya tangazo lenu: mmeandika "saa 3 usiku", hamkuandika saa 3 ya wapi. Kila mmoja ameijaza nafasi hiyo kwa namna yake. Shangazi ameijaza kwa saa ya ukutani kwake. Wale wawili wa mbali kwa hesabu waliyoifanya siku moja wakaikariri. Na wewe kwa saa ya Ujiji, ambayo hukuona haja ya kuitaja kwa sababu ndiyo unayoishi nayo.

Kazi yangu kwa miaka mingi ni kupanga mikutano ya watu waliopo mabara tofauti, na neno la kwanza ninalowaambia ni lile lile, wawe kampuni au wawe ukoo: kabla ya kupiga hesabu yoyote, amueni kikao ni cha mji gani. Kikao kiwe na kwao. Mji mmoja uwe mwenyeji, saa yake ndiyo iwe saa ya kikao, na wengine wote wajipange kuifuata. Mkishakubaliana hilo, hesabu inayobaki ni ya mtoto wa darasa la nne. Msipokubaliana, hata mkinunua simu za bei mbaya mtaendelea kupishana.

Nianze na shangazi, maana ndiye aliyeonewa zaidi.

Burundi inatumia saa za Afrika ya Kati, ambazo ziko saa moja nyuma ya zetu za Afrika Mashariki. Rwanda, Zambia na Msumbiji ni hivyo hivyo, na pia mashariki ya Kongo: Uvira, Kalemie, Bukavu, Goma, Lubumbashi. (Kinshasa iko nyuma zaidi, ni saa mbili kutoka kwetu, kwa sababu Kongo ni pana na ina saa za aina mbili.) Kwa hiyo katika nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, ni Tanzania peke yake yenye saa yake, Burundi, Kongo na Zambia ziko pamoja. Wafanyabiashara wa Kibirizi hapo Kigoma wanaovusha mizigo kwenda ng'ambo hawahitaji kufundishwa hili, na abiria wa meli ya Liemba walikuwa wakishuka Mpulungu, Zambia, wanarudisha saa zao nyuma. Sasa shangazi, kama wewe, anahesabu saa kwa kuanzia jua linapochomoza. Ukimwambia saa 3 usiku, anakaa na simu yake saa 3 usiku ya Bujumbura, bila kuchelewa hata dakika moja. Ujiji wakati huo ni saa 4. Ninyi mmeshamaliza michango mko kwenye mengineyo, mnamwona anaingia, mnaandika 5,000.

Na ukitaka kujua, kwa hesabu ya jua shangazi ndiye aliye sawa kuliko ninyi. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki ya Greenwich, mstari ambao haukanyagi Tanzania kabisa. Unapita karibu na Mogadishu. Kigoma na Ujiji ziko kwenye nyuzi 29 na nusu hivi. Pengo la nyuzi 15 na ushei ni saa nzima. Ndiyo maana jua la Kigoma hufika kilele karibu na saa saba mchana badala ya saa sita, na adhana ya magharibi Ujiji inasikika karibu saa moja usiku, wakati Dar es Salaam walishaswali kama dakika 40 zilizopita. Nchi imechagua saa moja kwa mikoa yote, na ni uamuzi wa busara, la sivyo ratiba ya treni kati ya Dar na Kigoma ingekuwa fumbo. Lakini usimcheke shangazi. Linakuhusu na wewe pia: mtu wa Dar akikuambia "tuongee baada ya isha", isha yake na isha ya mama yako si wakati mmoja.

Kaka na mdogo wenu wana kesi ya aina nyingine, na hii ndiyo inayovuruga vikao vingi kuliko zote.

Uingereza na Marekani hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Kwao mchana wa kiangazi ni mrefu mno na wa baridi ni mfupi mno; London Desemba huwa na mwanga kwa saa nane tu hivi, Juni zaidi ya saa kumi na sita. Basi majira ya joto yakikaribia wanasogeza saa mbele kwa saa moja ili jioni iwe na mwanga, na majira ya baridi wanairudisha. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna sababu ya kujisumbua: mchana mrefu kuliko wote Kigoma na ule mfupi kuliko wote hupishana kama nusu saa tu. Kwa hiyo saa yetu haiguswi mwaka mzima, na ya Bujumbura na Muscat pia haiguswi.

Mpenzi yeyote wa mpira anayelipa kiingilio kwenye kibanda umiza pale Mwanga, Kigoma, anayajua haya bila mwalimu. Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza za Jumamosi, zile zinazoanza saa tisa alasiri kwao, Agosti msimu ukifunguliwa tunaziona saa kumi na moja jioni. Mwisho wa Oktoba ukipita, zinaanza saa kumi na mbili. Watu wanadhani ratiba imebadilika. Ratiba iko pale pale. Waingereza wamerudisha saa zao nyuma, na sisi tumebaki tulivyo.

Tatizo ni kwamba Ulaya na Marekani hawabadilishi siku moja. Marekani, kwa sheria iliyoanza kutumika 2007, husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza na Umoja wa Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026 hiyo ni tarehe 8 Machi na 1 Novemba kwa Marekani, 29 Machi na 25 Oktoba kwa Uingereza. Mwaka 2027 ni 14 Machi na 7 Novemba kwa Marekani, 28 Machi na 31 Oktoba kwa Uingereza. Katikati ya tarehe hizo kuna wiki mbili au tatu za Machi, na wiki moja ya vuli, ambapo tofauti mliyozoea kati ya Leicester na Chicago nayo inapinda.

Rudi sasa kwenye Jumapili yenu ya pili ya mwezi. Kwa Machi mmeichagua siku ile ile Marekani inaposogeza saa, utadhani kwa makusudi. Miezi ya baridi Chicago iko saa tisa nyuma yetu, hivyo saa 3 usiku ya Ujiji kwake ilikuwa saa sita kamili mchana. Mdogo wenu, ambaye mchana ndio usiku wake, aliweka kengele ya saa sita akajizoesha. Ilipofika Machi, saa za Chicago zikawa saa nane tu nyuma yetu. Kengele ikalia saa sita ya kwake kama kawaida; Ujiji ilikuwa saa mbili usiku, mama yuko kati ya magharibi na isha, na wewe pengine hujala. Akangoja, hakuna aliyekuja, akarudi kulala. Mwezi wa nne ikawa zamu ya kaka. Leicester ilikuwa saa tatu nyuma yetu, sasa ikawa saa mbili. Akaingia saa kumi na mbili jioni kama alivyozoea, saa nzima kabla yenu. Novemba mngekuja kuona kinyume chake: wangefuata kengele za kiangazi na kuingia saa nzima baadaye, nanyi mngewatoza kwa kuchelewa.

Simu zao hazikuwa na kosa. Simu hujibadilisha zenyewe usiku huo. Lakini kengele hufuata namba unayoisoma kwenye saa. Haijui kwamba kuna ukoo mzima mnasubiriana kwa saa ya Ujiji.

Kuhusu Muscat, sikubaliani na kicheko. Oman iko saa moja mbele yetu. Saa 3 usiku yenu kwake ni saa 4, na kikao kikivuta kwa muda wa saa mbili kinamfikisha saa sita ya usiku. Zaidi ya hapo, kule mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Ndivyo ilivyo tangu 2013. Jumapili ninyi mnayoiona ya kupumzika, yeye alikuwa kazini kutwa, na Jumatatu alfajiri anarudi. Watu wengi wanapopanga simu za mbali hukazana na saa wakasahau kwamba hata siku ya wiki haina uzito mmoja kila mahali. Kaka na mdogo wenu wanapumzika Jumamosi na Jumapili, dada Ijumaa na Jumamosi. Siku inayowaunganisha wote ni moja: Jumamosi.

Basi pendekezo langu: hamisheni kikao Jumamosi, saa kumi na moja jioni, saa za Kigoma.

Tuipime. Ujiji ni kati ya alasiri na magharibi, mama ameshaswali na hajachoka. Bujumbura ni saa kumi jioni. Muscat ni saa kumi na mbili jioni, siku ya mapumziko. Leicester ni saa nane mchana wakati wa baridi, saa tisa wakati wa kiangazi. Na Chicago ni saa mbili asubuhi wakati wa baridi, saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi: mdogo wenu ametoka kazini, ameoga, hajalala bado. Hakuna anayeamshwa, hakuna anayesinzia. Kaka atanung'unika kwamba kiangazi kikao kinaingiliana na mechi. Na vijana wa hapo nyumbani pia watanung'unika. Mimi ningewaacha wanung'unike. Mwezi wa Ramadhani mtaamua wenyewe, kwa sababu saa hiyo mama na dada wote wako jikoni wanaandaa futari.

Kwa nini Kigoma iwe mwenyeji na si Chicago, wakati mdogo wenu ndiye mwenye ratiba ngumu kuliko wote? Nilisita hapo, maana kawaida yangu ni kumpa kikao yule aliyebanwa zaidi. Lakini kwenu miji mitatu kati ya mitano ina saa isiyobadilika: Kigoma, Bujumbura, Muscat. Mkikifunga kikao kwa saa ya Chicago, watu wa miji mitatu, akiwemo mama mzee, watahamishwa mara mbili kwa mwaka ili mmoja asihamishwe. Mkikifunga kwa Kigoma, wanaohama ni wawili, wote vijana wenye simu za kisasa. Mdogo wenu akiona saa tatu asubuhi inamtesa baada ya kukesha, aseme, na kiangazi mkisogeze hadi saa kumi jioni ya Kigoma. Huo utakuwa uamuzi wa kikao, umeandikwa kwenye muhtasari, si mtu kujikuta peke yake kwenye simu.

Chagueni Jumamosi ya pili ya mwezi. Oktoba inakuwa kabla ya mtu yeyote kugusa saa. Novemba inakuwa baada ya wote kumaliza. Mwezi wenye utata unabaki Machi peke yake, kwa sababu Jumamosi ya pili huweza kuangukia kabla au baada ya Marekani kubadilisha. Mwaka 2026, kwa mfano, ni tarehe 14, Chicago wameshabadilisha. 2027 ni tarehe 13, wanabadilisha kesho yake. Machi hesabu upya kila mwaka, usinakili tangazo la mwaka uliopita.

Hesabu ya Marekani ina njia ya mkato ambayo sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tumepewa bure. Chukua saa yako ya Kiswahili, toa 3 wakati wa baridi au 2 wakati wa kiangazi, unapata namba inayoonekana kwenye saa ya Chicago kwa Kizungu. Saa 11 jioni ya Ujiji, toa 3, ni 8:00 ya Chicago. Toa 2, ni 9:00. Kwa New York na Toronto toa 2 wakati wa baridi, 1 wakati wa kiangazi. Namba ikipungua sana ongeza 12. Sababu yake ni kwamba saa yetu ya Kiswahili imeshapungua sita kutoka ile ya Kizungu, hivyo sehemu kubwa ya safari umeshaimaliza kabla ya kuanza. Wale wanaoagiza mizigo Guangzhou wakitoa 1 nao wanapata jibu, mwaka mzima, kwa kuwa China haibadilishi saa. Ila kule asubuhi yetu ni mchana wao, na New York usiku wetu ndio mchana wao. Namba ni moja, mwanga ni tofauti.

Hapo hapo ndipo kwenye mtego mwingine. Watoto waliokulia ng'ambo wakiandika "saa 3" huwa wanamaanisha saa tisa alasiri yetu, au saa tisa usiku. Kwenye kundi lenu wekeni utaratibu: saa ya Kiswahili iandikwe kwa maneno, saa ya Kizungu kwa tarakimu nne, na zote mbili zikae pamoja. "Saa kumi na moja jioni (17:00)" haina njia ya kueleweka vibaya. "9:00" ikiwa peke yake inayo: mmoja ataisoma saa tatu, mwingine saa tisa.

Tangazo lenyewe liandike hivi, kama watangazaji wa redio walivyotuzoesha kutaja mji pamoja na saa:

"Kikao cha ukoo, Jumamosi 11 Aprili 2026, saa kumi na moja jioni SAA ZA KIGOMA (17:00). Bujumbura saa kumi jioni (16:00). Muscat saa kumi na mbili jioni (18:00). Leicester saa tisa alasiri (15:00). Chicago saa tatu asubuhi (09:00)."

Mistari ya Kigoma, Bujumbura na Muscat utainakili milele. Ya Leicester na Chicago ndiyo ya kukagua kila Machi, kila Aprili na kila Novemba. Tuma tangazo wiki moja kabla, kisha asubuhi ya siku yenyewe. Mabadiliko ya saa yakiwa karibu, ongeza sentensi moja: "Chicago saa zimebadilika, hesabu ya mwezi uliopita haifai."

Ukitaka mashine ikusaidie, WhatsApp ina sehemu ya kuunda tukio ndani ya kundi. Ukiweka kikao hapo, kila mmoja anakiona kwa saa ya simu yake bila wewe kupiga hesabu. Kalenda ya Google hufanya hivyo hivyo, na unaweza kuchagua tukio lifuate saa za Afrika Mashariki. Ningevitumia vyote viwili, lakini kwa sharti moja ambalo wengi hulivunja bila kujua: simu iwe imewekwa kwenye saa za eneo lake halisi. Nimekuta watu wengi ambao saa ya simu ilikosea, wakaingia kwenye mipangilio wakasogeza mishale kwa mkono hadi ikalingana na ya jirani, na saa za eneo wakaziacha za nchi nyingine. Kwa macho saa ni sahihi. Kwa ndani simu inaamini iko mahali pengine, na kila tukio litakalotumwa litakuja limepinda. Fungua mipangilio ya tarehe na saa, hakikisha imeandikwa Dar es Salaam au Nairobi, kisha uache mtandao uweke wenyewe. Isipokuwa ukisafiri Kagunga au Manyovu: karibu na mpaka simu ikidaka mnara wa Burundi inaweza kujirudisha nyuma saa nzima, kwa hiyo ukiwa huko weka Dar es Salaam kwa mkono uifunge hivyo.

Mama simuingizi kwenye haya. Mama aambiwe "kati ya alasiri na magharibi", inamtosha.

Kuna jambo hukuliuliza, ila kwa familia iliyotawanyika naona linastahili kuandikwa kwenye katiba kabla ya faini. Mdogo wenu akiamka saa kumi na mbili jioni ya Chicago kujiandaa kwenda kazini, ndipo anapopata nafasi na hamu ya kumsalimu mama. Wakati wa baridi, Ujiji hapo ni saa tisa usiku. Simu ikilia saa tisa usiku kwenye nyumba zetu, kila mtu anajua maana yake: amefariki nani? Mama ataamka moyo unamwenda mbio kwa salamu tu. Wekeni kwamba kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi za Kigoma simu hailii isipokuwa kwa msiba au ugonjwa mkubwa, na salamu zote zitumwe kwa sauti ya kurekodi. Mama ataisikiliza asubuhi baada ya chai, na atairudia mara nyingi kuliko angeweza kuirudia simu. Na mambo ya kikao yasiyohitaji mabishano, kama kusoma hesabu za michango, nayo yarekodiwe siku mbili kabla. Kikao kifupi ndiyo dawa nzuri kuliko zote za tofauti ya saa. Dakika 40 za watu wote zina faida kuliko saa mbili za watatu waliobaki macho.

Niongeze kwa wasomaji wengine wawili watatu walio na hali inayofanana. Anayefanya kazi Kigoma kwa mwajiri wa Marekani asidai Kigoma iwe mwenyeji. Mkutano ni wa mwenye mshahara, na Machi ukifika ujue utaingia saa moja mapema kwa saa yako. Mwenye ndugu Phoenix ana nafuu: sehemu kubwa ya jimbo la Arizona haibadilishi saa, iko saa kumi nyuma yetu mwaka mzima, kwa hiyo asidanganyike na mabadiliko ya Chicago. Mwenye ndugu Melbourne au Sydney ana kazi zaidi, kwa sababu kiangazi chao ni wakati wa baridi ya Ulaya, na wanasogeza saa Oktoba na kurudisha Aprili. Kikao cha saa kumi na moja jioni ya Jumamosi kwake kinaangukia usiku wa manane na tarehe imeshakuwa ya Jumapili. Hapo usiandike "Jumamosi usiku". Wazee wetu wa Ujiji wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha Alhamisi jua likishazama, wengine wanamaanisha Ijumaa yenyewe. Andika "usiku wa kuamkia Jumapili", na tarehe zote mbili.

Sasa faini. Ya shangazi futeni yote, na kama alishalipa mrudishieni. Na mkimrudishia mwambieni sababu, asije akadhani mnamwonea huruma. Ya mdogo wenu ya mwezi wa tatu na ya kaka ya mwezi wa nne futeni pia. Kuanzia tangazo la kwanza lenye jina la mji, tozeni bila aibu, kwa sababu hapo hakuna atakayesema hakujua. Dada wa Muscat alikuwepo kikaoni, na katiba uliyonieleza haina kifungu cha kukoroma. Kipelekeni kikao Jumamosi kwanza. Akisinzia na saa kumi na mbili jioni, hilo litakuwa shauri lake na wanaukoo.